Nani Aliyeunda? Kisakale cha Mnara wa Chuma cha Buhaya na Albamu-simulizi za Fear Factory kuhusu Akili Unde

Ikisiri

Makala haya yanasoma pamoja kazi mbili zenye asili tofauti: kisakale cha mnara wa chuma wa Mukama Rugomora Mahe, kinachohusishwa na Katuruka katika Wilaya ya Bukoba, na albamu za Fear Factory, bendi ya metali ya Los Angeles, zinazosimulia mashine iliyopata akili. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha maana zaidi cha masimulizi ya aina hii si iwapo mashine inaweza kuwa mtu, bali ni iwapo masimulizi yanamwacha muundaji wake aonekane. Kipimo hicho kinatokana na mofolojia ya istilahi akili unde. Makala yanaonesha kuwa kisakale cha Buhaya kinakitimiza kipimo hicho kupitia jina la mahali, na kwamba albamu za Fear Factory zinakikosa katika kisa lakini zinakitimiza katika sauti.

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameizungumzia bunilizi ya kisayansi kwa namna ya mtu anayempokea mgeni. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Bina-Adamu! ya K.W. Wamitila (2002) hutajwa kuwa ni ushahidi kwamba riwaya yetu imejifunza kutumia chombo cha angani, sayari ya mbali na teknolojia ya kesho. Kauli hiyo ina ukweli, lakini inabeba dhana ambayo haijahojiwa vya kutosha: kwamba kabla ya riwaya hizo, jamii za eneo hili hazikuwa na masimulizi yaliyoitafakari teknolojia kama tatizo la kibinadamu. Kwa mujibu wa dhana hiyo, mashine iliingia katika fasihi yetu pamoja na meli, reli na kitabu.

Mkoa wa Kagera unatoa sababu ya kuitilia shaka dhana hiyo. Katuruka, katika eneo la Maruku si mbali na mji wa Bukoba, kuna masimulizi ya mtawala aliyeamuru ujenzi wa mnara wa chuma ili ufike mbinguni. Masimulizi hayo si hekaya ya jini wala ya mnyama anayesema. Ni masimulizi ya malighafi, mafundi, amri na anguko.

Makala haya yanayaweka masimulizi hayo kando ya albamu za Fear Factory. Hakuna uhusiano wa kihistoria kati ya kazi hizo, na haudaiwi hapa. Kinachohalalisha ulinganishi ni swali wanaloshiriki: chuma kinapopewa uwezo unaompita mtu, nani anawajibika? Fear Factory imechaguliwa kwa sababu ni miongoni mwa bendi zilizolishughulikia swali la mashine yenye akili kwa muda mrefu, kuanzia miaka ya 1990 hadi ya 2010, na kwa sababu udhaifu wa jibu lake unafundisha sawa na ubora wake.

2. Istilahi kama kipimo cha uhakiki

Katika Kiswahili cha leo istilahi tatu zinashindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Mjadala juu yake kwa kawaida huwa wa usanifishaji, yaani ipi iteuliwe na itangazwe. Hata hivyo, istilahi ni pia kauli ya kifalsafa, na kila moja inamwelekeza msomaji kwenye swali lake.

Bandia hutumika kwa mwanasesere na kwa kitu cha kughushi: noti bandia, dawa bandia, hati bandia. Neno hili hukilinganisha kitu na kingine kinachodhaniwa kuwa halisi. Anayesema akili bandia amekwisha kuuliza kama akili hiyo ni ya kweli au ya uongo. Mnemba imeenea katika vyombo vya habari, lakini kwa wasemaji wengi umbo lake halitoi dokezo la maana. Linapokelewa kama jina tupu.

Unde ni tofauti. Neno hili linatokana na kitenzi unda, ambacho katika Kiswahili cha pwani hutumika hasa kwa kutengeneza jahazi na vyombo vingine vya majini. Kiishio -e kilichomo ni kilekile kinachopatikana katika mtume kutokana na tuma, mteule kutokana na teua, mshinde kutokana na shinda, na kiumbe kutokana na umba. Katika nomino hizi anayetajwa ni mtendwa, si mtendaji. Mtume ni aliyetumwa. Mshinde ni aliyeshindwa. Kwa hiyo kila neno la aina hii lina kivuli cha mtu mwingine nyuma yake. Hakuna mtume asiye na aliyemtuma, wala kiumbe kisicho na aliyekiumba. Vivyo hivyo, akili unde kisarufi haiwezi kusimama bila kumdokeza aliyeiunda.

Hapa ndipo mofolojia inapoweza kuutumikia uhakiki. Masimulizi yanayouliza iwapo mashine ina nafsi yanakaa ndani ya mantiki ya bandia. Masimulizi yanayouliza nani aliyeiunda, kwa amri ya nani na kwa jasho la nani, yanakaa ndani ya mantiki ya unde. Sehemu zinazofuata zinatumia tofauti hiyo kuzisoma kazi hizi mbili.

3. Mnara wa Rugomora Mahe

Rugomora Mahe alikuwa Mukama wa Kyamutwara, na utawala wake huwekwa katika karne ya 17. Kiini cha kisakale kinachorudiwa ni kwamba aliwaita wahunzi wamjengee mnara wa chuma utakaofika mbinguni. Chuma kilifuliwa, mnara ukapanda, kisha ukaporomoka kabla ya kufika. Mahali pa kazi hiyo panaitwa Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa kufulia chuma, na mti uliokuwa hapo ulihesabiwa kuwa mtakatifu.

Mwanaakiolojia Peter Schmidt, ambaye kitabu chake cha 1978 kilitokana na utafiti wake Buhaya, alichimba Katuruka kwa kuongozwa na masimulizi ya wazee. Chini ya ardhi ya kisakale zilipatikana athari za kazi ya chuma zinazorudi katikati ya milenia ya kwanza Kabla ya Kristo. Yaani mahali pa kufulia chuma palikuwapo zaidi ya miaka 2000 kabla ya mtawala ambaye masimulizi yanampa sifa ya mnara. Kwa maelezo ya Schmidt, watawala wa ukoo wa Bahinda waliitwaa heshima ya mahali hapo, iliyokuwa ya kale kuliko wao, na kuiunganisha na jina lao.

Ugunduzi huo unabadilisha namna ya kukisoma kisakale. Kwa juu, ni masimulizi ya mfalme: yeye ndiye mwenye jina, matakwa na amri, ilhali wahunzi ni umati. Lakini kisakale hakikufanikiwa kuwafuta. Mahali hapakuitwa kwa jina la mfalme, wala la mnara, wala la mbingu iliyotamaniwa. Paliitwa kwa kazi. Kila mwenyeji anapotamka Kaiija anataja mahali ambapo nyundo ziligonga. Mfalme alijitwalia kisa. Wahunzi wakabaki na jina la mahali.

Uzito wa jina hilo unaeleweka zaidi mtu akikumbuka kuwa chuma cha Buhaya hakikuwa kazi ya fundi mmoja. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uyeyushaji uliofanywa upya na wazee wa Kihaya waliojenga tanuri kwa kumbukumbu zao. Hoja yao kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija ya udongo kabla ya kufika kwenye makaa imepingwa na baadhi ya wataalamu wa metali, lakini mgawanyo wa kazi haubishaniwi. Kulihitajika wachimbaji wa mawe yenye chuma, wachomaji makaa, wafinyanzi wa mirija na wapulizaji mivukuto. Tanuri lenyewe lilifikiriwa kama tumbo la uzazi, na wayeyushaji walifungwa na miiko ya unyumba wakati wa kazi. Katika mawazo hayo chuma hakitokei chenyewe. Kina wazazi, na wazazi wana wajibu kwake.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kisakale hiki huenda ni mwangwi wa Mnara wa Babeli, kwa kuwa wamisionari wa White Fathers walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Uwezekano wa athari hauwezi kukataliwa moja kwa moja. Hata hivyo, mnara wa Mwanzo 11 ni wa matofali na lami, na kazi yake inakoma Mungu anapovuruga lugha za wajenzi. Mnara wa Kyamutwara ni wa chuma, unasimama juu ya kiwanda halisi, na hakuna lugha inayovurugwa. Kama kuna kilichoazimwa, kiliyeyushwa na kufuliwa upya. Uhakiki unapaswa kushughulikia ufuaji huo.

Pingamizi ya pili ni ya kinadharia. Darko Suvin (1979) aliitofautisha bunilizi ya kisayansi na visasili na ngano kwa hoja kwamba ya kwanza hujengwa juu ya jambo jipya linaloweza kuhojiwa kwa akili, ilhali visasili huuchukulia ulimwengu kuwa umekwisha kupangwa. Kwa kigezo hicho hicho, mnara wa Rugomora Mahe unaelekea upande wa bunilizi ya kisayansi. Hauinuliwi kwa uchawi. Unatokana na kukuza teknolojia ambayo wasikilizaji waliijua kwa mikono yao, na kuuliza: chuma hiki tunachofulia majembe kikirundikwa bila kikomo, kitatufikisha wapi? Mulokozi (1989), katika uainishaji wake wa tanzu za fasihi simulizi, anavitenga visakale na visasili, na utengano huo unasaidia hapa. Kisakale hudai kuwa kilitokea mahali fulani chini ya mtu fulani. Ni kwa kudai hivyo kinapata nguvu ya kuhoji mamlaka.

4. Mashine iliyosahau wazazi

Fear Factory ilianzishwa Los Angeles mwaka 1989. Kuanzia Demanufacture (1995), albamu zake kadhaa zimejengwa kama kisa kimoja kinachopita kutoka wimbo hadi wimbo, na ndiyo maana zinaitwa hapa albamu-simulizi. Obsolete (1998) inasimulia ulimwengu ambao mashine zimemfanya mwanadamu kuwa kitu kilichopitwa na wakati, na kijitabu chake kinaunganisha nyimbo kwa maelezo ya matukio mithili ya mswada wa filamu. Digimortal (2001) inafikiria mtu na mashine wasioweza kutenganishwa tena. The Industrialist (2012) inakwenda mbali zaidi: mhusika wake mkuu ni roboti inayopata utambuzi na kutaka kuishi.

Kama kazi za kusimulia, albamu hizi zina nguvu ya hofu lakini zina pengo moja linalojirudia. Mashine inakandamiza, inafuatilia, inachukua nafasi ya mtu, lakini ni vigumu kumwona aliyeiunda. Utawala wa mashine unaonekana kama hali ya hewa: umekuja, na mtu ama anakimbia ama anapigana. Hata maneno ya majina ya albamu hukazia hali ya kitu, iwe ni kupitwa na wakati au ni umauti wa kidijiti, na si tendo la mtu.

Mfano ulio wazi zaidi ni jina The Industrialist. Katika Kiingereza neno hilo humtaja mwenye viwanda, mtu anayemiliki mashine na kuajiri vibarua. Katika albamu, jina hilo amevikwa roboti. Kwa hatua moja ya kileksika, mmiliki ametoweka na chombo chake kimerithi cheo chake. Mtu anaweza kuitetea hatua hiyo kuwa ni kinaya, kwamba mashine iliyoundwa ili kunyonya imegeuka kuwa picha ya mnyonyaji. Utetezi huo una mashiko, lakini hauondoi athari. Msikilizaji anabaki na roboti ya kuihurumia au kuiogopa, na hana mtu wa kumwuliza. Kwa lugha ya sehemu ya pili, kisa kimehama kutoka unde kwenda bandia: swali kubwa linakuwa iwapo roboti ina nafsi ya kweli.

Kisakale cha Buhaya kinafanya kinyume. Mnara hauna matakwa wala nafsi. Matakwa yote ni ya Mukama, uchovu wote ni wa wahunzi, na unapoanguka hakuna anayeweza kusema kuwa mnara uliasi. Kiganda, lugha jirani ya Kihaya, kina neno moja, ekyuma, kwa chuma na kwa mashine. Muungano huo wa maana unakumbusha kwamba mashine ni chuma kilichopitia mikononi mwa watu. Hilo ndilo jambo ambalo visa vya Fear Factory vinalisahau.

5. Sauti inayokumbuka

Hata hivyo, albamu haisomwi kama kitabu. Katika makala yake ya 1989 Mulokozi anasisitiza kuwa kazi ya fasihi simulizi ni tukio linalowaunganisha fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Kigezo hicho, kilichotolewa na mtaalamu ambaye tasnifu yake ya uzamivu ya 1986 ilihusu tendi za nanga za Wahaya, kinafaa kutumika kwa muziki wa metali pia. Fanani ni nani, na mwili wake uko wapi?

Katika utendi wa nanga, unaojulikana Bukoba na Muleba pia, jibu halihitaji kutafutwa. Mtu mmoja anaimba na kupiga ala iliyochongwa kwa mti na kufungwa nyuzi, na hadhira inaona vidole vyake. Utendi unaweza kusimulia mambo yanayozidi uwezo wa binadamu, lakini uwezo wa kuyasimulia unabaki katika mwili mmoja unaochoka, unaovuta pumzi na unaohitaji kuitikiwa na waliohudhuria.

Katika Demanufacture, mpiga ngoma Raymond Herrera alipiga ngoma za miguu zikilingana na gitaa la Dino Cazares kwa usahihi unaomfanya msikilizaji adhani ni mashine. Burton C. Bell aliimba kwa sauti mbili: ngurumo ya koo na uimbaji laini. Sauti hizo mara nyingi zimeeleweka kama mashine na mtu wanaogombania koo moja. Hapo mwili wa fanani ndio uwanja wa kisa. Mtu anajilazimisha kuwa mashine, na msikilizaji anasikia gharama yake.

The Industrialist ilirekodiwa kwa ngoma zilizopangwa kwa kompyuta, bila mpiga ngoma. Albamu inayosimulia roboti inayopata uhai ilimwondoa mtu katika kiti chake ili itengenezwe. Hili halisemwi katika kisa, lakini linasikika katika kila pigo. Mtu aliyepotea katika maneno anarudi kama pengo katika sauti, na pengo hilo linauliza lile swali la unde ambalo maneno hayakuliuliza: nani alikuwa akiifanya kazi hii, na yuko wapi sasa? Katika Genexus (2015) ngoma zilipigwa tena na mtu. Mfululizo huu, kutoka mtu anayeiga mashine, hadi mashine inayochukua nafasi ya mtu, hadi mtu anayerejea, ni simulizi kamili zaidi ya akili unde kuliko hati yoyote iliyochapishwa katika vijitabu vya albamu hizo.

Afrika Mashariki ina mfano wa karibu wa namna hii ya kusikiliza. Kundi la Duma la Nairobi, ambalo jina lake katika Kikuyu linamaanisha giza, lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Duma haisimulii roboti. Lakini linapoweka ukelele wa binadamu juu ya midundo ya elektroniki isiyopumzika, linafanya kwa sauti kile ambacho Fear Factory ilihitaji kisa kirefu kukifanya, na msikilizaji hapotezi hata mara moja alama ya koo linalopiga ukelele.

6. Wahunzi wasio na jina

Swali la nani aliyeunda si la kinadharia tu. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma na kuainisha matini yenye ukatili na unyanyasaji, kazi iliyotumika kuifanya ChatGPT iwe salama kwa watumiaji. Mnara unaosemekana kufikiri wenyewe umesimama, kwa sehemu, juu ya macho ya vijana wa Kenya. Ongeza maandishi ya watu wasiohesabika yaliyofundishia mifumo ya aina hiyo, na picha ya Katuruka inarudi: mwenye amri ana jina, na wafuaji ni umati.

Mbele ya hali hii, masimulizi yanayotutaka tuogope uasi wa mashine yanaweza kuwa burudani nzuri na bado yakapotosha. Yanaielekeza hofu kwa mnara na kuiondoa kwa Mukama. Si lazima yawe ya metali au ya Marekani. Riwaya ya Kiswahili inaweza kuanguka katika mtego huohuo ikiazima roboti bila kuazima kiwanda. Jina la riwaya ya Mkangi, linalosomeka kama wale ni sisi, linadokeza njia nyingine: kila tunapokutana na kiumbe cha ajabu katika bunilizi, tutafute sura zetu ndani yake, pamoja na sura za wale tuliowasahau.

7. Hitimisho

Ulinganishi huu umeonesha mambo matatu. Kwanza, mofolojia ya unde inatoa kipimo cha uhakiki kinachotokana na Kiswahili chenyewe: masimulizi ya mashine yapimwe kwa namna yanavyomweka muundaji mahali pa kuonekana. Pili, Fear Factory inashindwa kipimo hicho katika kisa na kukifaulu katika sauti, jambo linalotaka albamu-simulizi zihakikiwe kama matukio na si kama maneno pekee. Tatu, kisakale cha Rugomora Mahe kinastahili nafasi katika historia ya bunilizi ya kisayansi ya eneo hili, si kama kitangulizi cha kupambia utangulizi wa tasnifu, bali kama kazi iliyokwisha kulijibu swali ambalo kazi mpya nyingi bado hazijaliuliza.

Kwa watafiti na wanafunzi wa uzamili, hatua inayofuata ni ya uwandani. Majina ya mahali katika Bukoba na Muleba yanayohusiana na chuma, makaa na mivukuto yanahitaji kukusanywa pamoja na masimulizi yake kutoka kwa wazee ambao bado wanayajua, kabla majina hayo hayajabaki kuwa alama za vituo vya mabasi. Masimulizi ya watawala yamehifadhiwa kwa wingi. Kumbukumbu ya mafundi, kama Kaiija inavyoonesha, mara nyingi imehifadhiwa katika neno moja tu, na neno likipotea, hakuna kisa kitakachobaki kuwashuhudia.